Chombo Kisichorudi Bandarini

Msomaji, redio ya nyumbani kwenu ikinyamaza utafanya nini? Yamkini utaipiga kofi, utabadili betri zake, utafungua mgongo wake na kuuchungulia, na mambo yakikushinda utaipeleka kwa fundi. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Siku moja redio ndogo niliyoiunda pamoja na wanachuo wangu ilinyamaza katikati ya somo, mbele ya wageni waliokuja kutukagua. Tulitahayari sana. Tulipoifungua tuliona kwamba waya mmoja uliolehemiwa kwa haraka ulikuwa umeachana na mwenzake. Tulipasha moto chuma cha kulehemia, tukaunga palipoachana, na kwa muda wa dakika tano redio ikasema tena. Wageni walicheka, nasi tukacheka, na somo likaendelea. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilijiuliza: je, kama waya ule ungaliachana mahali ambapo mkono wa fundi haufiki, ingalikuwaje?

Swali hilo si la mzaha. Wako watu ambao wamelifanya kuwa kazi ya maisha yao yote, na insha hii ni habari ya kazi yao.

Nahodha wa jahazi atokaye Lamu huchukua kamba za akiba, tanga la akiba, misumari, na pamba ya kukalafatia. Bahari ikichafuka hutafuta hori na kutia nanga; ubao ukipasuka, chombo hupandishwa pwani wakati wa maji kupwa kikatengenezwa. Chombo cha anga kiendacho katika sayari za mbali hakina hori wala pwani. Kikisha kuondoka hakirudi, wala hapana mkono utakaokigusa tena. Kila kitu kitakachohitaji lazima kiwe ndani yake siku ya kuondoka, au kiweze kutumwa kwa njia moja tu iliyobaki, yaani kwa maneno yachukuliwayo na mawimbi ya redio. Na kama redio yenyewe ndiyo iliyokufa, maneno hayo yatapokelewa na nani?

Adui za mitambo ya umeme katika anga ni wengi, lakini wakuu ni watatu. Wa kwanza ni hali ya mahali penyewe. Roketi inaporuka hutetemesha kila kilichomo. Ikisha kufika juu hapana hewa, na upande utazamao jua huungua hali upande wa kivulini umeganda. Chuma hutanuka na kusinyaa, na maungio hulegea. Hata uzito hutoweka: kichembe cha chuma ambacho hapa duniani hulala chini ya kisanduku, kule huelea, kikaenda kugusa pasipostahili kuguswa.

Adui wa pili ni mionzi. Anga si tupu kabisa. Zimo chembe ndogo zisizoonekana, zenye umeme, ziendazo kwa kasi kubwa. Zikipenya katika transista huidhoofisha kidogo kidogo, na pengine chembe moja huweza kugeuza alama moja iliyoandikwa katika kumbukumbu ya kompyuta, amri ya kweli ikawa amri ya uongo.

Adui wa tatu ni umbali. Nguvu ya mawimbi ya redio hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Ukienda mara mbili mbali zaidi, robo tu ya nguvu hubaki. Ukienda mara kumi, hubaki sehemu moja katika mia. Mtu anenaye kwa sauti ya kawaida kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira hasikiki, sembuse anenaye kutoka ukingoni mwa jamii ya sayari.

Adui hawa hawakujulikana wote siku moja. Setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa na Umoja wa Kisovyeti tarehe 4 Oktoba 1957. Kazi ya redio yake ilikuwa nyepesi, kulia tu mlio uleule tena na tena, na betri zake zilikwisha baada ya majuma matatu. Marekani ilirusha Explorer 1 tarehe 31 Januari 1958. Ndani yake mtaalamu James Van Allen alikuwa ametia kipimo cha kuhesabia mionzi. Jambo la ajabu likatokea: kila kipimo kile kilipopanda juu sana kiliacha kuhesabu, kana kwamba hapakuwa na mionzi hata kidogo. Van Allen na wenzake hawakukubali upesi. Walipochunguza zaidi walitambua kwamba mionzi haikukosekana. Ilikuwa mingi hata kipimo kikalemewa. Dunia yetu imezungukwa na mikanda mikubwa ya chembe zilizonaswa na nguvu ya sumaku yake, na mikanda hiyo huitwa kwa jina la Van Allen hata leo.

Madhara ya chembe hizo yalidhihirika miaka minne baadaye. Tarehe 10 Julai 1962 ilirushwa setilaiti ya Telstar, iliyoundwa katika maabara ya Bell huko Marekani. Ilikuwa ya kwanza kuvusha picha za televisheni juu ya Bahari ya Atlantiki papo hapo, na walimwengu waliishangilia. Lakini siku moja tu kabla yake, Marekani ilikuwa imelipua bomu la atomiki kiasi cha kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ule uliongeza chembe nyingi katika mikanda ambamo Telstar ilitakiwa kupita. Transista zake zilidhoofika, na mwezi wa Novemba ikawa haitii amri tena. Wataalamu wa Bell walitwaa vifaa vya jinsi ileile, wakavitia katika mionzi maabarani ili waone ni sehemu gani iliyoumia. Walipokwisha kufahamu, walituma amri zilizogeuzwa umbo kwa hila, nayo setilaiti ikaamka mwanzo wa Januari 1963. Haikudumu, tarehe 21 Februari ilinyamaza kwa mara ya mwisho. Hata hivyo, msomaji, somo kubwa lilikuwa limepatikana. Fundi aweza kutibu mgonjwa asiyeweza kumgusa, ikiwa anaye pacha wake mezani.

Hapa Kenya nasi tulishuhudia njia nyingine ya kumwepa adui huyu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo miali ya eksirei. Kwa nini ilisafirishwa mbali hivyo? Kwa sababu chombo kirushwacho karibu na ikweta, kikizunguka chini chini juu ya ikweta, hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mikanda ile, na vipimo vyake havisumbuliwi sana. Mwenye hekima hupigana na adui pale tu asipoweza kumzunguka.

Lakini ziko safari ambazo haziwezi kuzungushwa. Katika mji wa Pasadena, California, iko maabara iitwayo Jet Propulsion Laboratory. Kati ya 1961 na 1964 watu wa maabara hiyo walituma vyombo sita vilivyoitwa Ranger, na vyote sita vilishindwa. Ranger 3 ilikosa mwezi. Ranger 4 iliufikia mwezi, lakini imekwisha kuwa kipofu na bubu. Ranger 5 iliishiwa na umeme njiani. Wengine walishuku kwamba sababu moja ilikuwa uangalifu uliokosa mahali: kwa kuogopa kupeleka vijidudu vya dunia mwezini, vifaa vilitiwa katika joto la digrii 125 kwa muda wa saa 24, na joto liuaro vijidudu huweza kuudhi transista pia. Desturi hiyo ikaachwa. Kisha katika vifaa fulani vidogo vikaonekana vigamba vya dhahabu vilivyobanduka ndani, ambavyo pasipo na uzito vingeweza kuelea na kuunganisha umeme pasipotakiwa. Vifaa hivyo vikabadilishwa kwa mamia. Tarehe 2 Februari 1964 Ranger 6 ilianguka mwezini karibu sana na mahali palipokusudiwa, lakini kamera zake hazikufumbua macho.

Fikiri, msomaji, hali ya watu wale. Walikuwa wamefanya kazi kwa miaka, mali ya umma ilikuwa imetumika, na watu wakubwa wa serikali waliwauliza maswali makali mbele ya dunia. Wangeweza kulaumiana. Walichofanya ni kurudi mezani, wakakagua kila kiungo na kila kifaa, na kuandika chanzo cha kila kosa bila ya kuficha. Tarehe 31 Julai 1964 Ranger 7 ilituma picha zaidi ya 4,300 kabla ya kujibamiza mwezini. Kuteleza si kuanguka, na mtu aliyeteleza mara sita hujua vema utelezi uko wapi.

Katika shule ile ngumu ilizaliwa elimu ya kuunda vitu vya kuaminika, na sehemu yake moja ni hesabu ambayo wewe waweza kuifanya sasa hivi. Chukua mashine yenye sehemu 100, ambayo sehemu yake moja ikifa yote imekufa. Tuseme kila sehemu ni nzuri, kiasi kwamba ina bahati 99 katika 100 ya kumaliza safari. Utasema mashine hiyo ni imara. Sivyo. Zidisha 0.99 kwa nafsi yake mara mia, utapata kama 0.37. Yaani mashine iliyofanywa kwa sehemu nzuri ina bahati 37 tu katika 100 ya kufika. Sasa ipe kila sehemu pacha wa kushika zamu yake. Ili kazi ya sehemu hiyo ife, lazima wafe wote wawili, na jambo hilo hutokea mara moja katika 10,000. Rudia hesabu yako kwa jozi mia, utapata bahati 99 katika 100. Wahenga walisema akiba haiozi. Hesabu hii yatuonyesha ni kiasi gani.

Lakini angalia sharti lililofichwa katika hesabu hiyo. Ni kweli tu ikiwa ugonjwa wa pacha mmoja si ugonjwa wa mwenzake, na ikiwa kuna mtu au kitu cha kujua lini zamu ibadilishwe. Sharti hilo lilijaribiwa vikali mwezi wa Aprili 1978, katika chombo kiitwacho Voyager 2.

Voyager zilikuwa mbili. Voyager 2 iliondoka Cape Canaveral tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba. Ziliundwa na maabara ileile ya Pasadena ili zitumie nafasi itokeayo mara moja katika miaka kama 176, sayari kubwa za nje zinapojipanga hata chombo kimoja kiweze kupita penye moja na kutupwa na mvuto wake kuelekea nyingine. Serikali iliruhusu Mshtarii na Zohali tu, safari ya miaka michache. Lakini mafundi waliunda chombo kana kwamba safari haingekwisha.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi wa Desemba 1973 chombo kilichotangulia, Pioneer 10, kilipita karibu na Mshtarii kikakuta mionzi mikali mno, mingi mara nyingi kuliko ile iwezayo kumwua mtu. Mionzi hiyo ilizusha amri za uongo ndani ya chombo, na baadhi ya picha zikapotea. Voyager zilikuwa bado zikiundwa. Basi vifaa vilichaguliwa upya, vingine vikakingwa kwa vipande vya chuma, na inasimuliwa katika maabara yenyewe kwamba nyaya fulani zilivikwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, ile ya jikoni. Maarifa hayana makuu, kilichofaa kilitumika.

Kila Voyager ilipewa kompyuta za aina tatu, moja ya amri, moja ya kushika mwelekeo, na moja ya kukusanya habari, na kila aina ikapewa pacha, zikawa sita. Kumbukumbu zao zote pamoja zingetosha kuandika kama herufi 70,000 tu. Umeme ulitoka katika joto la plutoni, kiasi cha wati 470 siku ya kwanza, kwa kuwa mbali kule jua ni nyota hafifu. Antena yake ilikuwa bakuli lenye upana wa mita 3.7, na nguvu ya redio yake ya kutumia ilikuwa wati ishirini na kitu, chini ya taa ya chumbani. Vipokezi vya redio vilikuwa viwili.

Mafundi walifikiri: ikiwa kipokezi kinachofanya kazi kitakufa, hatutaweza kukiambia chombo kibadilishe, kwa maana hakitatusikia. Basi waliitia kompyuta amri ya daima: ukikaa siku saba hujasikia neno lo lote kutoka duniani, jua kwamba sikio lako limekufa, ukatumie la pili. Ilikuwa amri ya busara. Ila ilidhani kwamba waliopo duniani hawasahau.

Walisahau. Mwanzoni mwa Aprili 1978 watu walikuwa wameshughulika na matatizo ya Voyager 1, na juma zima likapita bila ya Voyager 2 kupelekewa neno. Tarehe 5 Aprili chombo kilifanya kama kilivyofundishwa: kiliacha kipokezi cha kwanza, kizima kabisa, kikahamia cha pili. Watu wa Pasadena waliposhtuka na kupeleka amri, kipokezi cha pili hakikuitikia. Kifaa kidogo ndani yake, kapasita moja, kilikuwa kimeharibika. Saa kumi na mbili zikapita, na chombo, kwa amri yake ya ndani, kikarudi katika kipokezi cha kwanza. Watu wakapumua, amri zilipokelewa. Baada ya nusu saa hivi hitilafu ya umeme ikakiua kipokezi cha kwanza, kikafa kufa kusikofufuka. Sasa Voyager 2 ilikuwa na masikio mawili, moja limekufa na la pili lina ugonjwa, na lililokufa ndilo lililokuwa zamu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja siku saba nyingine, mpaka chombo kitambue chenyewe kwamba hakisikii.

Jiweke mahali pao, msomaji. Siku saba za kungoja matokeo ya kosa lako mwenyewe, nawe huna la kutengeneza wala la kufuta! Lakini hawakuzitumia siku hizo kwa majuto peke yake. Walichunguza ugonjwa wa kipokezi cha pili. Kipokezi kizima hufuata wimbi la redio hata likihama kidogo, kama mtu ageuzaye shingo kumfuata asemaye. Mawimbi yatokayo duniani huhama daima, kwa sababu dunia huzunguka na chombo hukimbia. Kipokezi kizima kiliweza kufuata wimbi katika upana wa hezi 100,000. Hiki kigonjwa kilisikia katika upana wa hezi 96 tu. Shingo yake ilikuwa imekauka, kilisikia mbele yake tu. Tena hata mbele hapo palihama joto la chombo lilipobadilika kwa sehemu ndogo ya digrii.

Basi wakageuza jambo. Ikiwa chombo hakiwezi kulifuata wimbi, wimbi litakifuata chombo. Walihesabu mwendo wa dunia, mwendo wa chombo, na joto lake, wakapanga redio kubwa ya duniani ibadilishe wimbi lake kidogo kidogo ili litakapofika likute tundu lile jembamba. Tarehe 13 Aprili walituma amri, na Voyager 2 ikaitikia. Kwa sikio lile bovu ilipita Mshtarii mwaka 1979, Zohali mwaka 1981, Uranusi mwaka 1986, na Neptuni tarehe 25 Agosti 1989. Picha zote za karibu za Uranusi na Neptuni zilizomo katika vitabu vyenu zilitoka katika chombo hicho. Hata hivyo mafundi hawakujiamini kupita kiasi. Waliandika katika kumbukumbu ya chombo kazi fupi ya kila sayari, ili hata sikio lile likifa kabisa, chombo kipige picha na kuzituma chenyewe kabla ya kunyamaza.

Adui wa tatu, umbali, alishindwa kwa hesabu. Neptuni iko mbali na jua mara sita hivi kuliko Mshtarii. Kwa hiyo sauti itokayo huko hufika na sehemu moja katika 36 ya nguvu. Penye Mshtarii chombo kiliweza kutuma alama 115,200 kwa kila sekunde. Penye Neptuni hakikuweza kupita 21,600. Picha moja ilikuwa na madoa 800 kwa 800, na kila doa lilihitaji alama nane, jumla 5,120,000. Gawanya, utaona kwamba picha iliyochukua robo tatu za dakika kutoka Mshtarii ingechukua karibu dakika nne kutoka Neptuni. Na chombo hakikusimama kungoja, kilipita mbio.

Hila ya kwanza ilikuwa kusema machache. Ukitaka kunieleza vimo vya wanafunzi arobaini waliojipanga kwa urefu, waweza kunitajia kimo kizima cha kila mmoja. Waweza pia kunitajia kimo cha wa kwanza, kisha useme tu kila mmoja amemzidi mwenzake kwa kiasi gani. Hesabu za tofauti ni ndogo, na maneno hupungua. Kompyuta ya Voyager 2 ilifundishwa kazi hiyo ikiwa safarini, kabla ya kufika Uranusi: ilituma tofauti kati ya doa na doa, na maneno yakapungua kwa zaidi ya nusu. Katika kazi hiyo pacha wa kompyuta ya habari, aliyekuwa wa akiba, aliingizwa kazini pamoja na mwenzake. Hapo mafundi walitumia akiba yao kwa kujua hatari yake.

Hila ya pili ilikuwa kusahihisha makosa. Nikikutumia hesabu tatu, 4, 7 na 2, kisha nikaongeza jumla yake, 13, na ile ya pili ikapotea njiani, utaipata mwenyewe kwa kutoa 4 na 2 katika 13. Hiyo ya nne ni akiba inayosafiri pamoja na mali. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walitangaza namna bora zaidi ya akiba hiyo, iwezayo si kurudisha kilichopotea tu, bali hata kugundua kilichogeuzwa na kukisahihisha. Njia iliyotumika penye Mshtarii na Zohali ilidai akiba sawa na mali yenyewe. Njia ya Reed na Solomon, iliyotumika tangu Uranusi, ilidai kama sehemu moja kwa tano. Katika kila kisahani cha muziki kilichouzwa tangu miaka ya themanini hesabu yao imo.

Hila ya tatu ilikuwa kukuza sikio la huku. Zipo antena kubwa katika vituo vitatu, California, Hispania na Australia, ili dunia inapozunguka moja iwe ikitazama chombo daima. Antena zao za mita 64 zilitanuliwa zikawa mita 70 kabla ya Neptuni, na antena 27 za New Mexico zikaungwa nazo katika kusikiliza. Mkono mmoja haulei mwana.

Utadhani hadithi imekwisha. Bado. Tarehe 21 Julai 2023 amri yenye kosa iligeuza antena ya Voyager 2 kwa digrii 2, ikaacha kuitazama dunia. Kituo cha Australia kilipaza sauti kwa nguvu zake zote, na baada ya saa 37 ikajulikana kwamba chombo kimesikia na kurudi. Hata kama kisingesikia, kilikuwa na amri ya kujielekeza upya mwezi wa Oktoba. Mtu aliyekosa mwaka 1978 alikuwa amemfundisha mtu aliyekosa mwaka 2023.

Kisha mwezi wa Novemba 2023 Voyager 1, iliyokuwa mbali kilomita bilioni 24, ilianza kubabaika. Sauti ilikuja, lakini haikuwa na maana, alama zilezile zikirudiwa. Neno lilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu saa nyingine 22 na nusu kurudi. Wengi wa waliounda chombo walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki, na vijana walifunua makaratasi ya zamani ili wafahamu mawazo ya wazee wao. Mwezi wa Machi 2024 chombo kilitoa nakala ya kumbukumbu yake, na ikaonekana kwamba kifaa kimoja kidogo kimekufa, pamoja na sehemu 3 katika 100 za kumbukumbu ya kompyuta ya habari. Hapakuwa na mahali pamoja penye nafasi ya kuyahamishia maandishi yaliyopotea. Wakayakata vipande, wakavipachika katika pembe zilizobaki wazi, na kurekebisha kila neno lililotaja mahali pa zamani. Walituma tarehe 18 Aprili. Tarehe 20 Aprili chombo kilijibu kwa maneno yanayofahamika, na mwezi wa Juni vipimo vyake vyote vinne vilivyokuwa vikifanya kazi vikaleta habari tena.

Siku moja sauti hizo zitanyamaza. Umeme wa plutoni hupungua kama wati 4 kila mwaka, na vipimo vimekuwa vikizimwa kimoja kimoja ili joto na redio vibaki. Hilo si kushindwa. Ni kumaliza mafuta ya taa baada ya kusoma usiku kucha.

Msomaji, huenda usiunde chombo cha anga maishani mwako. Lakini huenda ukaunda daraja, ukapima dawa, ukaandika hesabu za chama cha ushirika, au ukafundisha watoto wa watu. Katika kila kazi ya namna hiyo yako makosa ambayo hutaweza kuyafuata kwa mkono baada ya kuondoka. Waliounda Voyager hawakuwa watu wasiokosa. Walisahau kama usahauvyo wewe. Ila walikuwa wameketi mapema wakauliza, tukisahau itakuwaje? Na waliposahau walikiri, wakaandika, na wengine wakasoma.

Katika chuo chetu ile redio ipo bado. Kabla ya kufunga mgongo wa redio mpya, wanachuo wangu sasa huvuta kila waya kwa kidole, polepole, mmoja baada ya mwingine. Huchukua nusu saa nzima. Wengine hulalamika, nami huwaacha walalamike, kisha huwaambia waanze tena waya wa kwanza.